Majina Tulikuwa Tumeyaondoa

Siku yangu ya kwanza kazini Musoma, msimamizi wa takwimu alinikabidhi dodoso, yaani karatasi za maswali, akanionya nisiandike jina la mtu popote. Kila anayehojiwa alipewa namba, na orodha ya majina ilifungiwa kabatini. Nililiamini kabati lile miaka mingi. Ninyi vijana, kuweni na shaka kuliko mimi.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, nikapangiwa vijiji vya Butiama. Huko nilimhoji mama kijana aliyeolewa na bibi mjane. Kwetu Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, amzalie watoto wa ukoo. Mama yule alikuwa akitumia dawa za virusi vya Ukimwi kwa siri.

"Ndugu wa bibi wakijua," aliniambia, "mimi nafukuzwa, watoto wanabaki."

Nikamhakikishia kwamba jina lake halitaonekana.

Utafiti ulipokwisha, watafiti wa kwingine waliomba data zetu. Kushirikiana hivyo ni jambo jema. Majibu ya kijiji kimoja huweza kuwasaidia wagonjwa wa mbali. Lakini nilipolipitia faili nikaona kijiji kimebaki, umri umebaki, na kwenye kaya moja mkuu ni mwanamke, mwenzi wake mwanamke.

"Majina tumeshayaondoa," mratibu wa utafiti alisema. "Dada, unatafuta nini tena?"

Nikaomba aitwe dereva wetu, mzaliwa wa Kiabakari, hukohuko Butiama. Nilifunika majibu ya safu ya ugonjwa kwa rula, nikamwonyesha mstari ule.

"Si yule wa kwa bibi, karibu na josho la ng'ombe? Huyo namjuaga." Kisha akaitazama rula. "Kwani anaumwa nini?"

Mratibu alifuta safu ya kijiji na ya uhusiano wa wanakaya siku hiyohiyo. Mimi nikabaki na kosa langu: nilimlinda mama yule dhidi ya wageni kwa kumtia shaka jirani yake.

Sasa nimestaafu, naishi Nyasho, Musoma. Wanaokusanya data kwa vishikwambi hunijia kuuliza, nami huwaambia wamfikirie kwanza jirani wa mhojiwa. Safari yangu ya mwisho kijijini niliwaona watoto wakichezea uani kwa bibi. Mama yao sikumwona. Nilitamani kumuulizia, nikapita kimya, maana kumuulizia tu kungetosha kuzusha shaka.