Unene wa Buganguzi

Mama yangu mzazi na mama mkwe wangu walichukiana kwa adabu. Hawakuwahi kutukanana hata siku moja. Wakikutana walipiga magoti wote wawili, wakaulizana habari za migomba, za kahawa, za watoto, halafu kila mmoja akirudi kwake anamsema mwenzake mpaka povu linamtoka. Sababu ilikuwa mimi. Nilipochumbiwa, mama alisema mbele za wageni, nyumbani kwetu Nyanga, karibu na Bukoba, kwamba Buganguzi ni mbali na mtoto wake anakwenda kukonda huko. Maneno yale yalifika Buganguzi kabla yangu.

Mama mkwe hakujibu kitu. Na yule mwanamke alikuwa na mdomo, jamani! Akinyamaza yeye, ujue kuna jambo analipika.

Kwetu Wahaya bibi harusi huitwa omugole, na omugole hafanyi kazi. Anakaa ndani, anapakwa mafuta, analishwa, mpaka siku ya kutolewa nje ili watu waone alivyonawiri. Wenzangu walikaa mwezi au miwili, mama wakwe zao wakaona kuni zimeisha, wakatolewa. Mimi nilikaa mpaka nikaanza kuzungumza na kuku. Nilipotolewa, majirani hawajamaliza hata kunishangilia, ikaonekana nina mimba. Nikarudishwa ndani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Redio ya mume wangu ilituhimiza jembe asubuhi, jembe jioni, na mimi nimelala chali nikiisikiliza. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kuuliza kwa nini mke mpya haonekani kwenye shamba la kijiji. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Unataka alime na tumbo hilo? Haya, njoo uzae wewe, yeye akalime!" Balozi alirudi alikotoka, na tangu siku hiyo akawa ananiita bepari. Jina likashika. Hata watoto waliokwenda mtoni walichungulia dirishani kumwona bepari anavyokula.

Na nilikula kweli, nisidanganye. Asubuhi ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage, mchana ebitoke kwa samaki wa kisiwa cha Bumbire waliokaushwa, jioni ebitoke tena na mchuzi mzito. Nikisema nimeshiba, mama mkwe anasema hiyo ni shibe ya Nyanga, ya Buganguzi bado. Ananiongezea. Anakaa mbele yangu na kutazama kila tonge linavyoshuka. Wakati mwingine nilitamani kumrushia sahani, lakini mchuzi ulikuwa mtamu.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, miguu ikaanza kujaa. Kwanza jioni tu, kisha kutwa nzima. Pete ya ndoa ikanibana, tukaitoa kwa sabuni. Asubuhi moja nikaamka uso umevimba, macho yamekuwa madogo, na mama mkwe akanitazama, akapiga vigelegele. Ndiyo, vigelegele! Aliita majirani. "Njooni mwone! Mje mwone mtu aliyesemwa kwamba atakonda!"

Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, pale wakulima walipoleta kahawa yao. Mama mkwe akaona macho ya majirani hayatoshi kuwa ushahidi. Akanishika mkono mpaka ghalani, akaamuru nipandishwe kwenye mizani. Mume wangu alitaka ardhi ipasuke. Lakini nani angemkatalia mama yule? Wakulima walisogeza magunia, nikapanda na gauni langu la kitenge, nikapimwa. Juma lililofuata nikapelekwa tena. Nilikuwa nimeongezeka kilo nne.

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake akasema kahawa ikiongezeka uzito namna hiyo karani huikataa, anasema imemwagiwa maji. Ghala zima lilicheka. Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi, na yeye ndiye aliyekuwa akizikataa hizo kahawa kila siku. Mimi nilicheka pia. Mama mkwe peke yake hakucheka, alikuwa ana haraka ya kumtafuta kondakta wa basi la Bukoba ili ampe salamu za kupeleka Nyanga. Salamu zenyewe: mkwe mwenzangu aje amwone mwanawe.

Basi, wakati tunamsubiri mama, kichwa kikaanza. Kilikuwa kinagonga hapa mbele, juu ya macho, tangu naamka mpaka nalala. Mama mkwe akasema ni moshi. Akafungua dirisha. Kikaendelea. Akasema ni nywele za mtoto zinaota, mtoto mwenye nywele nyingi humpa mama yake kichwa. Akanifunga kitambaa kipajini, akaniletea kikombe cha uji.

Halafu ikaja asubuhi ya senene, wale panzi tunaowala. Ulikuwa msimu wao, mvua imenyesha siku mbili mfululizo, kila mtu anatazama juu akiwasubiri. Mimi nilitoka uani alfajiri kujisaidia. Nikiwa narudi, nikaona vitu vinametameta hewani juu ya migomba, vinarukaruka, vingi, vingi kweli. Nikapiga kelele kwa furaha yote niliyokuwa nayo: "Senene! Senene wameshuka!"

Mawe, mama yangu! Ungeiona nyumba ile. Mama mkwe alitoka na debe. Majirani walitoka na vikapu, mmoja na shuka la kitandani, balozi naye alitoka na kofia yake ya kazi. Zamani wanawake walikatazwa kula senene, kazi yao ilikuwa kuwakusanya tu, waliokula ni wanaume. Mama mkwe alizoea kuwala akiwa amefunga mlango, na siku hiyo ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Wakainama kwenye nyasi, wakapapasa kwenye majani ya migomba, wakatikisa mibuni. Hakuna hata senene mmoja. Na mimi bado nawaona, nawaonyesha kwa kidole. "Si hao hapo? Ninyi ni vipofu?" Wakanitazama. Balozi akasema bepari ameshiba mpaka anaota akiwa macho. Wakaondoka wanacheka, na mama mkwe akaniambia kwa upole kwamba ni tamaa ya mimba, mjamzito akitamani kitu sana hukiona.

Mama yangu alifika siku mbili baadaye. Mama mkwe alikuwa ametandika nyasi mpya ndani, ameweka kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, amevaa gauni lake la misa. Mimi nilikuwa nimefichwa chumbani. Waliposalimiana wakamaliza, akaniita: "Mwanangu, hebu njoo umwamkie mama yako." Nikatoka nikiyumba, nimejaa mlango mzima.

Mama yangu alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni. Alikuwa ameshindwa, na wote watatu tulijua. Mama mkwe alitafuna kahawa taratibu, anauonja ushindi wake.

"Huu si unene," mama akasema mwishoni.

"Ni nini basi, mkwe mwenzangu?"

"Ni maji."

"Maji! Ebitoke vyangu ni maji?"

"Nitakuonyesha." Mama alinivuta, akanikalisha, akashika mguu wangu kama anavyoshika nguo chafu, akabonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi. Alibonyeza kwa nguvu, kwa kisirani kabisa, huku anamtazama mama mkwe. Alipoinua kidole, shimo lilibaki. Angeweza kuweka punje ya kahawa mle ndani na isingedondoka. "Unaona?" akasema. "Unene ukiubonyeza unarudi. Huu haurudi."

Alikuwa anatabasamu. Kisha akatazama tena lile shimo, na tabasamu likaisha. Alibonyeza mahali pengine, safari hii polepole. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike aliyefariki kwa mimba ya kwanza, alishikwa na degedege akiwa bado hajajifungua. Nilijua kwamba alikufa. Sikujua kwamba mama ndiye aliyekuwa akimkanda miguu.

"Kichwa kinakuuma?" akaniuliza.

"Kinauma."

"Tangu lini?"

"Muda sasa."

"Na hapa, chini ya mbavu?"

"Tangu jana. Nilidhani ni maharage."

"Macho je? Huoni vitu vinang'aang'aa?"

Nilikuwa sijafungua mdomo. Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Aliona senene," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Tulikwenda hospitali ya misheni kwa lori la ushirika, nimelazwa juu ya magunia matupu, mama upande huu na mama mkwe upande ule, mume wangu mbele na dereva akimwomba apunguze mwendo, kisha akimwomba aongeze. Muuguzi alinifunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Akamwita daktari. Wakachukua mkojo wangu, wakauchemsha kwenye kichupa juu ya moto mdogo, na ukaganda mweupe kama ute wa yai. Daktari akasema presha imepanda sana, ikizidi itanitupa kwenye kifafa cha mimba, na mtoto lazima atoke kabla ya wakati wake. Mume wangu akauliza kama tutapona wote wawili. Daktari akasema atajitahidi. Niliogopa kufa, nasema wazi. Nilimshika mama yangu kucha zikamwingia mkononi, na hakuuondoa mkono.

Mama mkwe hakuingia. Alibaki barazani. Nilimsikia kupitia dirishani akimwuliza muuguzi: "Ni chakula changu kilichomfanya hivi?" Muuguzi akamwambia hapana, ugonjwa huu unaletwa na mimba yenyewe, unawapata hata waliokonda. Ila dalili zilikuwa wazi, akasema, uso, macho, kichwa, uzito wa ghafla, na mgonjwa alipaswa kuletwa mapema. Nadhani mama mkwe hakusikia lile la kwanza. Alisikia la mwisho tu.

Mtoto alizaliwa mchana wa siku ya tatu, msichana, mdogo mno, amekunjamana uso, ana hasira. Alilia kwa sauti nyembamba, na mimi nikalia kwa sauti nene. Presha ilikuwa bado inashuka kidogo kidogo, kwa hiyo walinilaza chumba chenye giza, nimekatazwa wageni, nimekatazwa chumvi, nimekatazwa kila kitu isipokuwa kupumua. Mama yangu alisinzia kwenye kiti, kichwa kimeanguka kifuani.

Mama mkwe ndipo akaingia. Tangu nimjue sikuwahi kumwona ananijia mikono mitupu. Hakuwa na kikapu, wala sahani, wala kikombe. Alisimama mwisho wa kitanda, akaweka mkono juu ya shuka karibu na miguu yangu, akauondoa haraka.

"Nilitaka mama yako aone kwamba nakupenda," akasema. "Nilikuwa nakuangalia unakufa, na mimi napiga vigelegele."

Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda. Nikamtazama yule mwanamke aliyemfukuza balozi kwa mwiko, sasa anaogopa kugusa miguu yangu.

"Mama," nikamwambia, "mimi nina njaa."

Alinitazama kama hajasikia. Kisha akageuka, akatoka mbio, viatu alivyokuwa amevua akaviacha chini ya kitanda.

"Usitie chumvi!" mama yangu akapaza sauti kutoka kitini, macho bado kayafumba.

"Nani kakuuliza?" mama mkwe akajibu akiwa tayari ukumbini, na nilisikia analia.