Kioo cha Mafiga

Juzi, kwenye mapokezi ya kliniki moja mjini, niliona samaki wakielea ndani ya tangi lililojengwa ukutani, na puani ikanirudia harufu ya saruji mbichi na ile gundi ya vioo inayonuka kama siki.

Nilipokuwa mdogo, baba alinipeleka mtaa wa Mafiga kuona nyumba aliyokuwa anajenga. Fundi alikuwa ametoboa ukuta kati ya sebule na chumba kidogo, anapachika kioo cha tangi.

"Kitanda changu kitakaa hapa," nilimwambia, "nilale nikiwatazama samaki."

Fundi akaacha kazi, akamtazama baba. Baba akajifanya anakagua dirisha.

Mwanamke mwenye tumbo kubwa akatuletea chai. Nikamwamkia, nikidhani ni mke wa fundi. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, kisha akamuuliza baba, "Hivi mtoto hatakivunja hicho kioo?"

"Sitakigusa, mama," nikamjibu haraka, kabla baba hajafungua mdomo.

Ahadi hiyo nimeitimiza. Baba alihamia kule kabla mtoto wao hajazaliwa. Mimi na mama tulibaki kwenye chumba chetu cha kupanga, na hata rangi ya wale samaki siijui mpaka leo.