Mabega ya Kumbeba Baba

Habari ilinifikia mjini, mtaani Mutakura, siku ya Jumanne: baba amevimba tumbo, hawezi kutembea, ateremshwe hospitali haraka. Alfajiri ya Jumatano nilifunga duka langu la vitenge nikaondoka peke yangu. Sikuona haja ya kwenda na mtu. Kwetu mlimani mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti miwili, na kila nyumba hutoa mwanaume mmoja. Aliye mbali hutuma pombe badala ya bega lake. Mimi nilikuwa nimetuma pombe miaka saba, nikajiona mwana mwema.

Saa mbili gari lilinishusha lami inapoishia. Kutoka hapo ni miguu, saa tatu za kupanda. Mashamba ya mihogo yalikuwa yamemezwa na magugu, nyumba zimeng'olewa mabati. Vita viliwaua wengine, wengine walikimbilia mjini kama mimi. Nilikuwa nayajua hayo, lakini kuyajua ukiwa dukani ni rahisi.

Saa tano nilifika. Baba alikuwa amelala mkekani, jasho likimtiririka, lakini alinitania kwamba mikate ya mjini imenikondesha. Jirani yake Bucumi, aliyewahi kupakua mizigo bandarini na bado anajivunia Kiswahili chake, alichungulia nyuma yangu akitafuta wenzangu.

"Ulikuja we moja tu?"

"Mi moja, mze. Wabebaji wako wapi?"

"Wabebaji gani? Hapa tunabaki wazee batatu na bamama. Pombe yenu iko. Mabega ndiyo aiko."

Tulijaribu hivyo hivyo. Wazee watatu na mimi tulimwinua baba, tukashuka naye hadi kijitoni. Pale goti la Bucumi likakataa, machela ikainama, na baba akapiga ukelele ambao hadi leo sitaki kuukumbuka. Akaomba arudishwe nyumbani, nasi tukamrudisha.

Saa saba nilishuka mbio kabla askari hawajafunga barabara, kama walivyoifunga kila jioni hadi alfajiri tangu vita. Jua halijazama nilikuwa Mutakura nikibisha hodi. Katika mitaa miwili tu nilipata wanaume tisa wa mlima wetu: kinyozi, mafundi baiskeli, wauza mkaa. Wote walikubali papo hapo. Kinyozi peke yake ndiye aliyeniuliza, "Sasa asubui ulitupita sisi wote hapa, juu ya nini?" Nilimwambia tu tuonane alfajiri kwenye gari.

Alhamisi saa nne tulifika. Kina mama walikuwa wamekaa uani, vichwa chini. Baba alikuwa amefariki alfajiri.

Najuta, wala sioni aibu kulisema. Safari ile ilinifunza kwamba mlima wetu ulikuwa na watu bado. Tulikuwa Mutakura, tukituma pombe. Na tulipofika, wanaume kumi wenye nguvu zetu, kazi iliyobaki ilikuwa kumbeba baba hatua hamsini tu, kutoka mlangoni hadi kaburini nyuma ya migomba.