Sentensi Niliyoiongeza Kwenye Wasifu wa Marehemu

Leo tumemzika mtu niliyemsubiri tangu nikiwa darasa la tano.

Asubuhi watoto wake waliniletea wasifu wa marehemu ili niusome kanisani. Kijijini kwetu, huku juu Bumbuli, kazi hiyo hupewa mwalimu mstaafu, yaani mimi.

Waliandika kwamba enzi za Ujamaa baba yao alikuwa mwenyekiti wa kijiji "aliyewapenda watu wote".

Watu wote!

Baba yangu alipofariki, mwenyekiti huyo alikataza mtu yeyote kwenda kuchimba kaburi kabla palizi ya shamba la kijiji haijaisha. Mvua ilikuwa inakuja. Mama na mimi tulichimba wenyewe, tukipokezana jembe moja.

Basi leo niliusoma wasifu wote, neno kwa neno. Kisha nikaongeza:

"Marehemu pia aliwakataza watu kumchimbia kaburi baba yangu. Lilichimbwa na mjane na binti yake."

Mchungaji akatazama viatu vyake.

Mtoto wa kwanza wa marehemu akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Hilo halikuwamo kwenye karatasi."

"Marahaba. Sasa limo."

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake mke wa marehemu, aliyekaa benchi la mbele, akainua fimbo yake.

"Mwalimu, wa nyuma hawakusikia. Rudia."

Nikarudia, polepole, kwa sauti ya darasani.

Anayeona nimekosea aandike hapa chini. Nitamjibu.