Utando wa Plastiki wa Mwalimu Aikande

Aikande alikuwa mwalimu wa kemia pale Tengeru, na ukitaka kumuudhi, mwambie jambo haliwezekani. Soko huria lilipoingia, maduka yalijaa betri za kila rangi, na nyingi zilivuja zikala redio za watu. Yeye akasema atatengeneza betri isiyo na maji ndani hata tone. Walimu wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wacheke tu! Aliyeyusha unga wa plastiki aliopewa chuoni pamoja na chumvi ya lithiamu katika dawa ya kuyeyushia, akaukausha mchanganyiko ukawa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Chembe za chumvi zenye chaji, yaani ayoni, hushikwa na nyuzi za plastiki humo ndani. Nyuzi zikipata joto hulegea na kutikisika, zikapokezana ayoni uzi kwa uzi, na umeme ukapita. Zikipoa hukakamaa, safari ikaishia hapo.

Mwezi wa saba Dakta Sylvanus wa chuo kikuu akaja kuuona. Akiridhika, Aikande angepata nafasi ya utafiti aliyoitamani tangu amalize chuo. Utando ulikuwa kwa mama mkwe wake, Fransiska, juu ya kichanja cha jikoni wanapokaushia mbegu za mahindi, maana unyevu ungeharibu kipimo chote.

Wakaubana kati ya vibati viwili, wakaunganisha betri ya dukani na mita ya kupimia umeme hapo hapo jikoni. Mshale ukaruka!

"Hongera, mwalimu!" Dakta akanyoosha mkono.

Aikande hakuupokea. Kwa baridi ile ya Meru, na utando umeshapoa, mshale urukeje? Akaugusa utando, ulinata.

"Mama, huu uliufanya nini?"

"Usiku niliufunga kwa jani bichi la mgomba, mwanangu, moshi usiuchafue. Kitu cha thamani si ndivyo tunavyokitunza?"

Angeweza kunyamaza, nafasi ikawa yake. Lakini Aikande wa kunyamaza bado hajazaliwa.

"Hayo ni maji yaliyopitisha umeme, Dakta. Jani limeulowesha. Naomba unisubiri niukaushe upya."

Fransiska akajishika kichwa. "Mungu wangu, nimekuharibia!"

"Hujaharibu kitu, mama. Ongeza kuni."

Dakta akakaa, akanywa chai, uso hausomeki. Utando ulipokauka kabisa wakauacha upoe, wakaupima: mshale kimya. Aikande akauweka na vibati vyake juu ya mfuniko wa sufuria iliyokuwa motoni. Mshale ukajitikisa, ukapanda kidogo. Akauondoa, ukashuka. Akaurudisha, ukapanda tena. Alitamani kupiga vigelegele.

"Ni kidogo mno," Dakta akasema.

"Kidogo, lakini ni ayoni zangu. Nipe maabara uone."

Dakta akaweka kikombe chini. "Mishale inayoruka nimeonyeshwa mingi, mwalimu. Aliyeniambia mwenyewe kwamba ni maji ni wewe peke yako. Njoo chuoni mwezi wa tisa, nafasi ni yako."