Neno Moja Dirishani

Gari moshi nimepanda mara moja tu maishani, wakati wa Mwingereza. Tulikuwa tumeswaga ng'ombe wa tajiri mmoja kutoka Habaswein mpaka Nanyuki, miguu imekwisha, nikaingia behewa la kwanza nililoona lina viti. Mama wa Kizungu akaziba pua. Mkagua tiketi akanikamata shingo: "Toka, boi! Hapa si pa ngozi yako." Nikasafiri na ng'ombe walewale. Nilifika Nairobi nanuka mavi, lakini nilifika.

Basi mwaka huu nimelikumbuka gari moshi lile, na kisa ni mke wangu. Tumbo lilimvimba, daktari wa Garissa akasema mpeleke Nairobi upesi. Yeye Kiswahili hajui, mimi ndiye ulimi wake. Kwa haraka ile nikachukua kitambulisho, nikasahau kile kipande cha pili, cha rangi ya waridi, tunachodaiwa Wasomali peke yetu.

Kwenye kizuizi karibu na daraja, askari akapanda basi letu. "Warya wote chini! Wengine kaeni." Warya ndilo jina wanalotuitia sisi Wasomali. Mke wangu hakuweza kusimama, wakamwacha.

"Mzee, kipande kiko wapi?"

"Nyumbani, afande. Kitambulisho hiki hapa. Mimi Mkenya."

"Mkenya? Sema pilipili."

Mtego huo naujua. Kisomali chetu hakina p. Shuleni nilikaa miezi michache tu, na fimbo nyingi nilikula kwa herufi hiyohiyo, haikuingia. Nikabana midomo, nikasema bismillahi moyoni.

"Bilibili."

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Huyu amevuka mpaka jana!"

"Afande, nakuomba, mgonjwa wangu yumo ndani. Nani atamsemea?"

"Mgonjwa aende. Wewe rudi ukalete kipande."

Na magari siku hizi huenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi. Hayangoji mtu. Mwingereza alinitupa kwa ng'ombe, lakini treni iliondoka na mimi. Basi la Wakenya wenzangu likaanza kuondoka bila mimi.

Nikakimbia ubavuni, kanzu mkononi, mzee mzima. Mke wangu akatoa kichwa dirishani akaniuliza kwa Kisomali, "Nitawaambia nini?"

"Sema tumbo! Tumbo!"

"Tumbo," akasema, sawasawa kabisa; neno hilo halina ile herufi. Akalirudia, tumbo, tumbo, kama mtoto anayetumwa dukani anaogopa kusahau, mpaka mngurumo ukalimeza.