Mfumua Majina wa Larkin

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mchezaji wa Wachimbaji wa Larkin, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, aliyeachwa na timu kabla Aune Kiiskila hajajua. Jezi zilikuwa chache na hazikununuliwa upya kila mwaka. Mtu akiondoka, jezi yake ilibaki, ikafumuliwa jina mgongoni na kushonewa jina la anayekuja. Fundi alikuwa Aune, na fundi huhitaji muda. Kwa hiyo meneja wa timu, bwana mmoja aitwaye Corbeil, alimpigia simu yeye kwanza. Alimtajia wa kutolewa na wa kuwekwa, herufi moja moja, akakata. Mwenye jezi angeambiwa kesho yake au keshokutwa, baada ya mechi, akiwa bado hajavua viatu vya barafu.

Wachezaji walilijua hilo. Aune akiingia chumba chao cha kuvalia na furushi la jezi, kelele zilishuka, kisha mmoja akajitia ushujaa.

"Mama Sindano, leo umekuja na mkasi?"

"Natembea nao siku zote."

"Basi anza na Tibbetts, tulale. Anakoroma kwenye basi kama trekta."

Wakacheka, na waliocheka zaidi ndio waliokuwa na hofu zaidi. Hakuna aliyempa mgongo. Wengine walimletea chokoleti, wengine walimuuliza habari za magoti yake, wakimtazama usoni kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Yeye hakuwaonyesha kitu. Aliwahi kuwa na jezi ya mtu mapajani, ameshaifumua nusu, huku mwenyewe yuko jikoni kwake anasifia kahawa. Alimwongezea kikombe cha pili. Mumewe, Reino, alikufa kwa mapafu mgodi wa shaba ulipofungwa, akamwachia chumba cha sauna nyuma ya nyumba na binti mmoja. Alichojipatia mwenyewe Aune ni sifa hiyo tu: kwamba mdomo wake haufunguki. Aliitunza kama watu wengine wanavyotunza vyombo vya fedha vya mezani.

Binti, Karlene, alimpenda mchezaji. Aune alimkanya. Alimwambia watu hawa wanakaa mjini kama wageni wa harusi, wanakula na kuondoka, na yeye ndiye anayejua idadi yao. Lakini Garth Wasylyk hakuondoka. Alikuwa beki, mtu mkubwa wa kutoka kwenye mashamba ya ngano ya Saskatchewan, mzito wa mwendo, pua imepinda mara mbili kwa pande mbili. Msimu wa kwanza alikaa, wa pili akaoa, wa tatu alikuwa akipanda juu ya paa la Aune kila Jumatatu kuondoa theluji bila kuombwa. Alimwita Mama, tena bila aibu ya wakwe. Herufi zake saba, zote ngumu kuzikata, Aune alizishona kwa mishono miwili miwili. Hakuna jezi nyingine aliyoifanyia hivyo.

Msimu ule wa tatu ulikuwa mbaya. Kipa wa kwanza alikimbilia ligi ya Ulaya bila kuaga, basi lilikufa njiani mara mbili katika baridi ya kupasua mti, na kufikia Krismasi Aune alikuwa amefumua majina kumi na manne. Timu ilikuwa nafasi ya saba, na nafasi ya sita ndiyo ya mwisho ya kuingia mtoano. Kufikia Februari Karlene alikuwa na mimba ya miezi sita. Aune alikwisha kuhamisha kitanda cha Reino kutoka chumba cha upande wa ziwa, akapaka kuta rangi ya maziwa. Mtoto angelala pale wazazi wakiwa kazini. Hakuwa amewauliza.

Ijumaa moja ya Februari, saa nne asubuhi, simu ililia. Corbeil hakusalimia. Alisema jezi nyeusi, ile ya mechi za ugenini, namba kumi na saba. Atoke Wasylyk.

Corbeil aliuliza kama laini imekatika.

"Nasikia," alisema.

"Mgeni anaingia Jumatatu usiku, tunasafiri Jumanne. Jumapili Wasylyk anacheza na jezi nyeupe kama kawaida, mabeki wenyewe ninao watano tu. Na Aune, najua yeye ni nani kwako. Akijua, nitajua amejulia wapi."

Alimtajia jina la mgeni. Aune aliliandika nyuma ya bahasha, herufi moja moja, bila kukosea.

Hakulala vizuri. Jumamosi asubuhi alivaa koti la kanisani, akapanda ngazi za ofisi ya meneja pale uwanjani, ngazi ambazo hakuwahi kuzipanda kwa shida yake mwenyewe. Corbeil alikuwa anakula pai ya nyama na viazi juu ya gazeti. Aune alimwambia kwamba binti yake ana mimba.

"Wake zao wote wana mimba, Aune. Ni msimu wa baridi, watu watafanya nini?"

Alimuuliza wanampeleka wapi. Louisiana. Timu ya huko ilitaka beki mzito, na Wachimbaji walitaka kijana mwenye mbio. Aune alipiga hesabu kichwani, siku mbili na nusu kwa gari, mimba njiani, mtoto azaliwe kwenye joto kati ya watu asiowajua, na baada ya hapo timu nyingine, na nyingine, na kadi moja kila Krismasi yenye picha. Akaomba. Hakuwa na mazoezi ya kuomba na aliomba vibaya, akirudia rudia kwamba Garth ni mtu mzuri.

Corbeil alipangusa vidole. Hakuwa mkatili kwa moyo. Alikuwa mtu anayetaka kumaliza chakula chake.

"Karatasi ya uhamisho naituma Jumatatu. Bado haijaenda. Acheze kesho, nimwone. Nikiona beki anayejilaza mbele ya mashuti kama zamani, nani ajuaye. Ila asijue kitu. Mtu akijua anaondoka, anachunga mwili wake."

Maneno hayo ya mwisho Aune aliyasikia vizuri. Aliyaelewa vizuri pia. Lakini alishuka ngazi akiwa ameshika yale mengine, *nani ajuaye*, akayageuza njia nzima ya barafu mpaka yakawa ahadi.

Jumapili mechi ilikuwa saa nane mchana. Saa nne Garth alipita kama alivyopita kila siku ya mechi ya nyumbani, akaketi mahali pake mezani, akala mkate mtamu wa iliki vipande vitatu. Karlene alikuwa amebaki nyumbani kwao, mitaa mitatu kutoka hapo, miguu imemvimba. Jezi nyeusi ilikuwa chumba cha pili, juu ya cherehani, imefunikwa taulo. Mgongo wake ulikuwa mtupu, una vitobo vidogo vya sindano mahali palipokuwa na herufi.

Garth alizungumza habari za kitanda cha mtoto. Alikuwa anakiunda mwenyewe, mbao zimepinda, Karlene anamcheka. Aune alikuwa na nafasi wakati huo. Alikuwa na nafasi tena alipomwongezea kahawa, na tena Garth alipoinama kufunga kamba za buti. Angesema sentensi moja, na mkwewe angecheza mchana ule kama mtu anayevuka barabara na watoto, kisha Jumatatu angepakia gari.

"Corbeil amekuongelea jana," alisema.

Garth aliinua kichwa.

"Amesema nini?"

"Amesema tangu uoe umekuwa mlaini. Hujilazi tena."

Garth alicheka kidogo, akangoja Aune naye acheke. Hakucheka.

"Amesema hivyo? Mlaini?"

"Ndivyo alivyosema. Muonyeshe, mwanangu."

Alisema mwanangu. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, na Garth alipotoka alimgusa bega mlangoni, kama mtu aliyepewa zawadi.

Uwanja ulikuwa na watu elfu na mia moja, wengi wao wachimbaji wa zamani na wake zao, wamebeba mablanketi. Aune alikaa mahali pake nyuma ya benchi. Kipindi cha kwanza Garth alijilaza mara moja, mpira ukamgonga paja, watu wakapiga mbao za ukingo wa uwanja kwa mikono. Kipindi cha pili alijilaza mara mbili, na mara ya pili alichelewa kuinuka. Aune aligeuka kutazama kibanda cha kioo kule juu anakokaa meneja. Kiti kilikuwa kitupu. Alitafuta kwa macho mpaka akamwona Corbeil chini, kwenye foleni ya bia, ameupa uwanja mgongo, anasimulia kitu na mtu anacheka.

Angeweza kushuka hata wakati huo. Benchi lilikuwa hatua kumi na mbili mbele yake. Alibaki ameketi akimngoja Corbeil arudi aone.

Dakika nne kabla ya mwisho Larkin walikuwa mbele kwa bao moja. Mtu wa upande wa pili aliinua fimbo yake mbali, karibu na mstari wa buluu unaokata uwanja, na beki yeyote mwenye akili angetoa mguu tu. Garth alijirusha kifua mbele, uso chini, jinsi vijana wa miaka kumi na minane wanavyofanya. Ule mpira mweusi, mgumu kama kisigino cha kiatu, uliruka juu ya fimbo ya mwenzake ukampata jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti na kushika uso kwa glavu, na barafu chini yake ikawa nyekundu. Walipomtoa watu wote walisimama wakapiga makofi. Aune naye alipiga makofi, kwa sababu wote walikuwa wanapiga. Timu ilishinda.

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili. Siku ya tatu daktari aliwaambia kwamba jicho halitaona tena, na siku hiyohiyo Louisiana walisema hawana haja na beki wa jicho moja. Karatasi haikutumwa. Corbeil alikuja Alhamisi na kofia ya timu na machungwa sita. Garth alikuwa ameegemea mito, bandeji nusu ya uso. Karlene alikuwa kitini. Aune alikuwa kando ya dirisha, ameshika koti lake.

Corbeil alitaka kufariji, na watu wa aina yake hufariji kwa kusema kila kitu.

"Bahati gani hii, Wasylyk. Jumatatu ungekuwa njiani kuelekea juani. Hata mkweo alinipandia ofisini Jumamosi kukuombea usipelekwe. Una mkwe, wewe."

Karlene aligeuza shingo polepole kumtazama mama yake. Garth hakugeuka. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa, "Siku hiyo ndiyo ulisema nimekuwa mlaini?"

"Nani, mimi?" Corbeil alishangaa kwa dhati. "Wewe? Nimewaambia Louisiana hakuna beki mgumu kama wewe kwenye ligi nzima. Ndiyo maana walikutaka."

Corbeil aliangalia saa, akaweka kofia miguuni mwa kitanda, akaaga. Garth aliendelea kutazama mlango kwa jicho alilobaki nalo.

"Mama," alisema Karlene. "Toka."

Alitoka. Aliketi kwenye gari mpaka vioo vikaganda kwa pumzi yake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anajieleza kwa sauti, peke yake, na maelezo yote yalianza na mapenzi.

Timu haikuingia mtoano. Mkataba wa Garth uliisha na msimu, na hakuna timu iliyompigia simu. Kurudi kwao Saskatchewan hakuweza, shamba lilikuwa la kaka yake. Kwa hiyo walibaki. Alipata kazi ya kupanga mbao katika kiwanda cha kupasulia magogo, mashine ikiwa upande wake wa kulia, kwa sababu ya kushoto asingeiona, ingemkata. Mtaani watu walimwambia Aune angalau wako karibu. Alikubali kwa kichwa.

Mwezi wa Aprili alikwenda na sweta ndogo aliyofuma. Karlene alifungua mlango, tumbo likiwa mbele yake, hakupokea sweta.

"Ulitaka tubaki, Mama. Tumebaki."

Mlango ulifungwa taratibu, hata kitasa hakikulia.

Mtoto alizaliwa Mei, msichana, na Aune alipata habari dukani, kutoka kwa mwanamke aliyedhani anampongeza. Alingoja aitwe. Juni ikaingia, theluji ya mwisho ikaisha chini ya miti, na Jumapili moja mchana miguu ilimpeleka mpaka kwenye uzio wa nyumba yao.

Garth alikuwa nje, kwenye kiti cha mbao, ubavu wa kushoto ukiielekea barabara, mtoto juu ya kifua. Alikuwa anamwimbia kitu cha kwao kisicho na maneno. Aune alisimama kwenye uzio, karibu kabisa, angenyoosha mkono angegusa blanketi. Aliona kisogo cha mtoto, nywele nyeupe kama za Reino. Upande ule Garth hakuona kitu. Aune alivuta pumzi ili amwite, akakosa jina la kumwita.

Alipoinua macho Karlene alikuwa dirishani, amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Walitazamana. Muda ulipita, wa kutosha kwa Garth kuumaliza wimbo na kuuanza upya. Karlene alikuwa anamwona mama yake vizuri kabisa, na hakumwambia mumewe.